Ayoko Ni Nani?

Pearland, Texas
8 Februari 1998

Wifi yangu Chebet,

Hapa tu wazima wote isipokuwa kaka yako Cheruiyot, ambaye ana mafua na anataka kila mtu ajue. Anakohoa sebuleni, anasubiri aone kama nimesikia, kisha anakohoa tena. Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikikupigia simu ananinyang'anya na kuanza kukuuliza habari za mitihani na tairi za gari, na mimi na wewe hatumalizi hata sentensi moja. Barua hawezi kuninyang'anya.

La kwanza ni Nyaga. Nasikia alikuja huko Carrollton akakuletea zawadi. Hakuniambia ni zawadi gani, alicheka tu. Niambie haraka. Chebet, mtu ana kazi yake ya bima inayoeleweka, ana nyumba Mansfield, hanywi, na mama yake ameshakupenda kabla hajakuona. Kaka yako ndiye aliyekuleta Amerika na sasa watu wa nyumbani wanamuuliza yeye, si wewe. Kila Jumapili ananiuliza mimi. Nimjibu nini?

La pili ni kisa cha kazini, na hiki kinaninyima raha. Unajua pale ninapofanya kazi tunapokea watu waliotoka hospitali kubwa za Houston, ambao bado hawawezi kurudi kwao. Tunawafundisha upya kutembea, kushika kijiko, kula. Basi tumeletewa bibi mmoja Mfilipino anaitwa Avelina. Alikuwa fundi wa kushona nguo za harusi. Kiharusi kimemchukulia mkono wa kulia na Kiingereza chote. Daktari anasema hutokea, ile lugha uliyojifunza ukubwani inaondoka na ile ya mama yako inabaki. Kwa hiyo amebaki na Kitagalogi chake, na kwetu hakuna hata mtu mmoja anayekijua.

Siku nzima anamwita Ayoko. Nikimpelekea chakula, "Ayoko." Nikimgeuza kitandani, "Ayoko." Mwalimu wa mazoezi akija na ule mpira wake wa kufinya, "Ayoko, Ayoko," mpaka machozi yanamtoka. Nilipekua picha zilizo mezani kwake nikapata ya msichana mwenye gauni jeupe. Nikasema, huyu hapa. Sasa kila asubuhi namshikia ile picha mbele ya macho na kumwambia polepole, "Ayoko anakuja, mama. Ayoko yuko njiani." Ananiangalia, halafu anafumba macho.

Wenzangu wote wanamjua Ayoko. Juzi tukiomba kabla ya kula, hata kaka yako alimwombea Ayoko popote alipo. Jina lenyewe si kama la Kijaluo? Hebu waulize Wajaluo wa kanisani kwenu.

Na bibi hali chakula. Hilo ndilo linalonitisha. Anakonda mbele yangu.

Ni mimi wifi yako,
Wacuka


Carrollton
17 Februari 1998

Wifi mpendwa,

Mpe kaka pole ya mafua. Mwambie nimemsikia akikohoa toka huku.

Nimeuliza kanisani kama ulivyosema. Kuna Ayoko mmoja wa Siaya, fundi wa mabomba, lakini wanasema hajawahi kufika Ufilipino na hana mpango. Pole sana kwa huyo bibi. Inawezekana ni mtoto aliyepotezana naye zamani. Hana ndugu mnayeweza kumuuliza?

Zawadi ya Nyaga ni meza ya kupigia pasi. Ni imara sana. Aliikunjua mwenyewe hapa sebuleni akanionyesha jinsi inavyopanda na kushuka, halafu akakaa akanieleza habari za nyasi za Mansfield, kwa nini zake ni za kijani na za jirani zina madoa. Alikaa mpaka chai ya pili ikapoa. Baadaye tulikwenda kula, akaniagizia kuku kabla sijafungua ile karatasi ya vyakula. Kuku alikuwa mzuri. Nyaga ni mtu mwema, wifi, nani atakataa hilo?

Kuhusu lile jambo lenyewe, tutaona. Mwambie kaka ninasoma na masomo yanaendelea. Kazi ya mkahawa pale uwanja wa ndege inachosha miguu, lakini dirisha letu linatazama ndege zinapotengenezwa, kwa hiyo sichoki kichwa. Sina haraka ya chochote kwa sasa.

Wasalimie watoto. Najua watanijibu kwa Kiingereza, lakini wasalimie.

Wako,
Chebet


Pearland
1 Machi 1998

Chebet,

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa?

Ayoko si mtu.

Bibi Avelina ana mtoto mmoja wa kiume, anaishi San Diego, na hupiga simu kuuliza hali ya mama yake. Wiki hii ilitokea nikaipokea mimi. Nikajikaza, nikamwambia, "Samahani bwana, sitaki kuingilia mambo ya familia, lakini mama yako anamtafuta Ayoko. Kama unajua alipo, tafadhali mwambie aje mapema."

Nikadhani nimegusa kidonda.

"Nani?" akauliza.

"Ayoko. Tuna picha yake. Amevaa gauni jeupe."

Wifi, yule bwana alicheka mpaka nikasikia ameweka simu chini. Aliporudi alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. "Dada," akasema, "huyo wa gauni jeupe ni mama yangu mwenyewe siku ya harusi yake. Ayoko maana yake ni sitaki. Ndilo neno nililokuwa nalisema nikiwa mdogo nikiambiwa nikaoge."

Sitaki! Hebu fikiria. Mgonjwa anasema sitaki, sitaki, na mimi namshikia picha yake mwenyewe nikimwahidi kwamba Sitaki yuko njiani! Nilitamani sakafu inimeze. Halafu na mimi nikaanza kucheka, tukacheka wote wawili kwa simu mpaka msimamizi akachungulia mlangoni.

Lakini kicheko chake hakikuisha vizuri. Akasema, "Kwa hiyo hataki kula." Nikamwambia ndiyo, ukimpelekea kijiko ndivyo anavyosema. Akasema daktari amempa mpaka katikati ya mwezi aamue kama mama atawekewa mpira wa kulishia tumboni. Kama mama mwenyewe ameamua kuacha kula, tena kwa akili zake timamu, yeye hajui kama ana haki ya kumlazimisha. Kitagalogi chake ni cha mtoto wa miaka minne, wazazi walimkataza ili asichekwe shuleni. "Sijui mama anakataa nini," akaniambia. "Sina maneno ya kumuuliza."

Kwa hiyo nimekwenda kwa Nenita, yule jirani yetu nesi mwenye waridi, nikamwambia nifundishe. Kumbe kazi ipo! Ayoko peke yake haitoshi, inategemea umeifuatisha na nini. Ukisema *ayoko na*, umechoka nacho, hutaki tena. *Ayoko pa*, hutaki sasa hivi, labda baadaye. *Ayoko nito*, hutaki hiki kilicho kwako. *Ayoko niyan*, hutaki hicho alichoshika mwenzako. Kama sisi tu na hiki na hicho! Na kuna *huwag*, yaani usifanye, na *hindi*, yaani hapana ya kawaida, sivyo. Nenita anasema matamshi yangu ni ya polisi. Kila jioni nakaa jikoni kwake nikikataa vitu. Ananinyooshea sahani, kikombe, paka wake, na mimi namkatalia.

Anasema wenyewe hawapendi kulitoa neno hilo kavu. Mgeni atasema bado nimeshiba, au labda siku nyingine, na anatabasamu, na wewe mwenyeji ndiye unayetakiwa kusikia. Nimemwambia watu wa aina hiyo lazima wawe wagumu kuishi nao.

Sasa habari njema. Watu wa Nyaga walipiga simu, na kwa kuwa umemsifu na hukukataa, nimewaambia uko tayari. Watakuja hapa kwetu Pasaka, wazee wawili na mama yake. Kaka yako ameshaagiza mbuzi kwa yule Mmeksiko wa Alvin. Alifurahi mpaka mafua yakapona!

Wifi yako mwenye furaha,
Wacuka


Carrollton
6 Machi 1998

Wifi,

Nimepata barua yako jana. Nimecheka sana habari ya picha. Nimecheka nikiwa kwenye basi la wafanyakazi, watu wakanitazama.

Umewaambia niko tayari?

Nilikuwa nadhani tungeongea kwanza. Pengine sikuandika vizuri. Pasaka tuna kazi nyingi uwanja wa ndege, watu wanasafiri, sijui kama nitapata ruhusa. Na mbuzi mzima ni mkubwa kwa watu wachache hivyo, kaka asijisumbue.

Lakini niambie yaliyompata bibi. Je, alikuwa anakataa nini? Na muulize Nenita kwa ajili yangu: kama mtu anataka kukataa kabisa, lakini anayemkatalia ni mkubwa wake na anamheshimu na hataki kumuumiza, Kitagalogi kina njia? Ni swali tu.

Chebet


Pearland
15 Machi 1998

Wifi,

Ruhusa utapata, nitampigia mkubwa wako mwenyewe. Sasa nyamaza nikusimulie.

Yule mtoto wa bibi alipiga simu tena. Nilimweleza niliyofundishwa na Nenita, na yale ya *na* na *niyan*. Akasema, "Dada, nisikilizie. Ukimpa chakula, sikiliza mwisho wa neno. Tafadhali sikiliza mwisho."

Chebet, siku hiyo niliibeba ile trei polepole. Mwanamke anaweza kuchoka kweli. Kama angesema *ayoko na*, mimi ndiye ningempigia mtoto wa watu kumwambia mama yako ameshamaliza. Nikaketi karibu naye. Kulikuwa na viazi vilivyopondwa na ile pudini ya njano inayotetemeka. Nikachota pudini, nikaipeleka mdomoni.

"Ayoko," akasema, na akageuza uso.

Nikasubiri. Hakuongeza kitu. Wiki zote hizo nilikuwa namwondolea trei hapo hapo, kumbe alikuwa hajamaliza, maana neno linamtoka kwa shida, anapumzika katikati. Safari hii sikuondoa mkono. Akarudisha uso, akaitazama pudini, akanitazama mimi kama fundi anavyomtazama mtu aliyemletea kitambaa kibovu.

"Ayoko... niyan."

Hicho! Hataki hicho! Nikaweka kijiko chini, nikanyanyua viazi. "Ayoko niyan." Nikanyanyua maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito ili asipaliwe. "Ayoko niyan!" Sasa ana nguvu, macho yanang'aa. Nikamuuliza kwa Kitagalogi changu cha polisi, "Ayoko na?" Yaani, umeshachoka kula? Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hindi! Hindi!" Sivyo! Akaongeza maneno mengi sana ambayo sikuyaelewa hata moja, lakini nilielewa kwamba nilikuwa natukanwa kwa ajili ya ile pudini, na nilistahili. Nililia na kucheka mbele ya mgonjwa, jambo tunalokatazwa.

Nilimpigia Nenita, naye akaja na bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi, wanauita lugaw. Mtaalamu wa kumeza akaupima uzito, akasema unafaa, na yeye mwenyewe akaomba kuonja. Wakaongea, Nenita na bibi, kama watu waliokutana sokoni kwao. Alikula nusu bakuli. Nilipompigia mwanawe nilimsikia akipenga kamasi. Kisha akauliza kwa Kiingereza kidogo kama cha mtoto, "Uji? Alikuwa anataka uji?" Anakuja kwa ndege mwanzoni mwa mwezi ujao. Habari ya mpira wa tumboni daktari amesema isubiri.

Sasa swali lako. Nenita anasema njia ipo. Unaweka *po*. Ni neno dogo la heshima, unalibandika tu. *Ayoko po.* Ni sitaki kamili, halijapunguzwa hata chembe, ila limevua kofia. Hata mtoto anaweza kumwambia babu yake. Nimelipenda sana, ningependa na sisi tuwe nalo. Unamkatalia nani lakini? Yule msimamizi wako wa mkahawa tena?

Kaka yako anauliza kama unapenda gauni la kijani au la rangi ya maziwa kwa siku ile.

Wacuka


Carrollton
21 Machi 1998

Wifi yangu Wacuka,

Ayoko po.

Si *pa*. Sitaki baadaye, sitaki nikimaliza shule, sitaki Pasaka ijayo. Na si wewe ninayekukataa, wala kaka, wala Mungu aliyempa Nyaga nyumba yenye nyasi. Ni ndoa hii. Siitaki.

Nimesoma barua yako kuhusu bibi mara nyingi. Uliposema ulikuwa unaondoa trei kabla hajamaliza neno, niliweka barua chini nikazunguka chumba. Wifi, mimi nilisema tutaona. Nilisema ninasoma. Nilisema sina haraka. Nilikuambia ile meza ya pasi ni imara! Kule kwetu nikimwambia mama kwamba kitu ni imara anajua sikipendi. Zote hizo zilikuwa hapana. Lakini sikulaumu peke yako. Wewe ulikuwa unasikia mwanzo tu, na mimi nilikuwa namung'unya mwisho kusudi, nikitumaini mtamaliza wenyewe.

Nyaga ni mtu mwema, hilo ni kweli. Lakini nikiwa naye sina njaa yangu mwenyewe. Anajua nitakula nini, nitaketi wapi, nitafanya kazi miaka mingapi kabla ya mtoto. Hajawahi kuniuliza jambo akasubiri jibu. Nilipomwambia napenda ndege alisema yeye pia anapenda kusafiri.

Na kuna hili. Sisomi uhasibu. Niliuacha tangu Oktoba. Nimekubaliwa chuo cha mafundi wa ndege huko Fort Worth, naanza Mei. Nitafungua injini, wifi. Nitapakwa grisi mpaka viwikoni. Niliogopa kumwambia kaka kwa sababu kila mtu wa nyumbani ameshaambiwa mimi ni mhasibu. Nilijisemea nitamwambia siku nitakapomaliza, akiwa hana la kufanya.

Sasa nimesema yote. Ukikasirika, kasirika. Lakini usimwambie Nyaga. Nitamwambia mwenyewe.

Chebet


Carrollton
1 Aprili 1998

Wifi,

Hujanijibu. Simu nikipiga inaita tu, au watoto wanasema mama yuko bafuni. Kama ni bafu, umekuwa safi sana.

Nakuandikia ili usikie toka kwangu. Jumamosi nilikwenda Mansfield. Niliibeba ile meza ya pasi kwenye kiti cha nyuma, miguu yake ikinichoma shingoni njia nzima. Nyaga alikuwa anamwagilia nyasi. Alifurahi, akaanza kuniambia jikoni kutabadilishwa nini. Nikamwambia, "Nyaga, ngoja. Nina sentensi moja na nataka niimalize."

Akangoja. Naapa alingoja.

"Sitaki tuoane. Sina ubaya na wewe, huna kosa, lakini sitaki."

"Wifi yako alisema uko tayari."

"Nilimwambia tutaona."

"Na mimi uliniambia tutaona," akasema. "Nikadhani hiyo ni ndiyo inayojivuta." Alizima maji. "Ni kwa sababu ya nini? Nyumba iko mbali na kazi yako?"

"Nyumba ni nzuri. Hata ingekuwa karibu, sitaki."

Uso wake ulikuwa mwekundu, na yeye ni mweusi kuliko mimi. Alifungua mlango wa gari lake, akawasha, akaondoka. Aliniacha mimi nimesimama mbele ya nyumba yake, mlango wazi, na mpira wa maji unadondoka. Sikujua nifanye nini. Kufunga mlango wa mtu niende zangu, au kukaa nilinde? Nilikuwa bado nimesimama aliporudi. Alikuwa amezunguka mtaa tu. Akashusha kioo akasema, "Hii ni nyumba yangu." Nikasema najua. Tukatazamana, na yeye ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejigonga kidole.

Nilitoa meza ili nimrudishie. Hapo akanikatalia. "Hapana," akasema. "Hiyo nilikupa. Sitaki uirudishe." Alilisema wazi, bila kona. Wifi, ndiyo mara ya kwanza nilimpenda kidogo, kama mtu anavyompenda jirani.

Basi hiyo imekwisha. Sasa nakuogopa wewe tu, na kaka.

Chebet


Pearland
5 Aprili 1998

Chebet,

Nilikuwa nimekasirika, nisikudanganye. Siku ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya mbuzi. Siku ya pili kwa ajili ya aibu yangu mbele ya mama Nyaga, maana mimi ndiye niliyesema uko tayari kwa kinywa changu hiki. Nilikuwa naficha barua yako ndani ya mfuko wa mchele kaka yako asiione, na watoto niliwafundisha lile la bafu. Halafu nikaenda kazini nikamkuta bibi Avelina anamkatalia mwalimu wa mazoezi, na mimi nikamwambia yule mwalimu kwa sauti kubwa, "Mwache amalize! Msikilize mpaka mwisho!" Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nikaenda stoo ya mashuka nikakaa juu ya mashuka.

Basi jioni nilimwambia Cheruiyot yote. La Nyaga na la ndege. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikwenda gereji akapanga misumari ambayo imeshapangwa. Nilimfuata.

"Nitawaambia nini watu?" akaniuliza.

"Utawaambia hataki. Ni neno fupi."

"Na ndege? Mtoto wa kike, na spana?"

"Wewe ulikuja kusoma dini, sasa unauza magari," nikamwambia. "Nani alikuuliza?"

Akaendelea na misumari. Kisha akasema kitu ambacho nimefikiria nikuandikie au nisikuandikie. Alisema, "Miaka miwili na nusu tangu nimlete. Kila wiki nazungumza naye. Hakuniambia."

Hakuwa na hasira, wifi. Alikuwa na huzuni.

Kesho yake alimpigia Nyaga, akiwa na hotuba ndefu ya kuomba radhi. Hakuifikisha popote. Nyaga alimkata, akasema, "Ameshaniambia mwenyewe, vizuri sana. Yule mbuzi bado yupo?" Kaka yako akasema yupo. Basi wanakuja. Si kwa posa, ni kwa nyama. Mama yake alinuna kwenye simu, lakini aliuliza tutapika na pilipili au bila.

Mwana wa bibi amefika toka San Diego. Ameketi na mama yake siku nzima na Nenita katikati kama mkalimani, na bibi amemkatalia kila kitu chake, shati lake, nywele zake, mke aliyemwacha. Jamaa ana furaha kama amepewa nishani. Nimewaalika wote watatu. Daktari amemruhusu bibi kutoka mchana mmoja.

Njoo, Chebet. Usivae kijani wala maziwa. Vaa unachotaka. Na unisamehe kwa kukusemea.

Wacuka


Carrollton
14 Aprili 1998

Wifi yangu,

Nimefika salama. Asante kwa nyama uliyonifungia, nilidhani ni kidogo mpaka nikajaribu kufunga mlango wa friji.

Siku yenyewe uliiona kuliko mimi, sina haja ya kukusimulia. Uliona Nyaga alivyomweleza mwana wa Avelina habari za nyasi, na yule bwana akauliza maswali! Wameandikiana namba za simu. Uliona mama Nyaga alivyonikumbatia kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mfupa. Lakini kuna sehemu hukuiona kwa sababu ulikuwa jikoni na Nenita mkiosha vyombo na kugombea sabuni.

Nilikuwa napakia gari. Kaka alitoka akasimama karibu na boneti, mikono mfukoni. Siku nzima alikuwa ananisemesha kwa mkato tu, chukua soda, sogea huko. Akapiga tairi teke kidogo. "Upepo upo?" akauliza.

"Upo."

"Oili?"

"Nimebadilisha mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona kwamba huu ndio mwisho wa maneno yetu. Kwa miaka yote tumekuwa tunaongea tairi, mitihani, kanisa na mume, na sasa mitihani na mume vimekwisha kwa pamoja.

"Kaka," nikamwambia, "sikukuambia kwa sababu nilijua utakataa."

"Ningekataa," akasema. "Kweli ningekataa. Halafu ningekubali. Hukunipa nafasi ya kufika huko."

Sikuwa nimefikiria hivyo hata siku moja, wifi. Nilidhani mtu akikataa amekataa. Nikamwambia pole. Akasema pole yake pia iko hapo, nijichukulie.

Kisha ndege ikapita, moja ya zile zinazoshuka uwanja wa Hobby, chini sana, magurudumu nje, tukaweza kuona hata madirisha. Wote wawili tuliinua vichwa. Kaka akaifuata mpaka ikapotea nyuma ya paa la Nenita, na akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia katika mji asioujua, "Hebu niambie. Kitu kizito namna ile kinakaaje juu?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa kifupi. Halafu nikaona amekaa juu ya boneti ya gari langu, ameweka mikono magotini, anasubiri.

Basi nikaanza na bawa.

Ni mimi,
Chebet